Gari la Kale kwa Mkopo: Tupige Hesabu Kwanza

Mpwa wangu hapa Maskati ameniuliza kama akope benki anunue Land Cruiser FJ40, gari ambalo Toyota iliacha kuliunda Japani mwaka 1984. Mimi nilikuwa karani wa hesabu miaka mingi, basi nilichukua kalamu.

Tuseme anakopa riali 6,000 kwa miaka 5. Riba ya asilimia 6 ikihesabiwa kila mwaka juu ya deni lote la mwanzo, atalipa riba 1,800, yaani riali 130 kila mwezi. Asilimia 6 hiyo hiyo ikihesabiwa juu ya deni lililobaki tu, riba haifiki 1,000, na kwa mwezi ni kama riali 116. Kwa hiyo, ndugu zangu, msiulize asilimia peke yake. Ulizeni inahesabiwa juu ya nini. Na anayechukua murabaha aulize jumla ya faida ya benki kabla ya kutia saini.

Kisha kuna fundi, vipuri vya kuagiza mbali, na bima, ambayo huenda ikawa ngumu kwa gari la umri huo. Bei ya gari yaweza kupanda, lakini hakuna aliyeahidi. Malipo ya mwezi ndiyo ahadi.

Kukopa harusi, kulipa matanga. Nimemwambia aweke kando riali 130 kila mwezi kwa mwaka mmoja. Akiweza bila kugusa ada ya skuli ya watoto, atakuwa na riali 1,560 mkononi na atakopa kidogo. Akishindwa, atakuwa amejua mapema, wala hadaiwi na mtu.