Mkongomani Ajifunzapo Kiingereza Mjini Kampala

Kijana wa Butembo, wa Beni au wa Bunia aliyekwisha kupata diploma ya taifa, na ambaye jamaa zake wamekata shauri kumpeleka Kampala, hajui bado kama atasoma sheria, uganga au biashara. Jambo moja tu analijua: kabla ya fani yo yote, itampasa kujifunza Kiingereza. Vyuo vikuu vya Uganda hufundisha kwa lugha hiyo, naye amesoma kwa Kifaransa miaka yote ya sekondari. Miezi yake ya kwanza ugenini, basi, ni miezi ya kutamka maneno. Nayo ina gharama: karo ya kituo cha lugha, kodi ya chumba, chakula. Mara nyingi fedha hiyo imetokana na ng'ombe aliyeuzwa au kahawa iliyovunwa. Kila mwezi ambao ulimi unakawia ni mwezi ulionyang'anywa chuo kikuu.

Avukapo mpaka wa Kasindi na kuingia Mpondwe, saa yake huwa iko nyuma kwa saa moja, na magari hupita upande wa kushoto. Kwa siku za kwanza hutazama upande usio wake kila atakapo kuvuka barabara. Basi humpitisha Kasese na Fort Portal hadi Kampala, na hapo hugundua jambo ambalo hakuambiwa nyumbani: lugha ya barabarani si Kiingereza. Ndani ya takisi, yaani gari dogo la abiria, anayetaka kushuka husema «maaso awo», maneno ya Kiganda yenye maana ya hapo mbele. Sokoni bei hutajwa kwa Kiganda. Na akipanga chumba Katwe au Nsambya, ambako Wakongomani ni wengi, atakula sombe, atasali kwa Kiswahili na kupiga soga kwa Kilingala. Aweza kukaa mwaka mzima mjini asihitaji Kiingereza ila darasani.

Yafaa kueleza pia kwa nini Kiswahili chake hukifanya siri. Nchini Uganda lugha hiyo ina historia yenye miiba. Gavana Gowers alipotaka kuieneza mashuleni mwishoni mwa miaka ya 1920, Kabaka Daudi Chwa wa Buganda alipinga. Idi Amin aliitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, lakini wenyeji wengi waliisikia zaidi kinywani mwa askari, tena askari mwenye kuamuru. Tangu mwaka 2005 katiba inaitambua kuwa lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha ifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Hata hivyo wazee hawasahau upesi. Mgeni aonapo nyuso zimekunjamana, hukirudisha Kiswahili chumbani na kukitegemea Kifaransa kama ngazi ya kupandia Kiingereza.

Ngazi hiyo ni nzuri kwa macho na mbaya kwa masikio. Katika kitabu, maneno ya Kifaransa na ya Kiingereza hufanana kwa maelfu, na msomaji hufurahi. Lakini «librairie» huuza vitabu, na «library» huviazima. «Demander» ni kuomba. «To demand» ni kudai, na wako wanafunzi waliomdai mwalimu karatasi wakidhani wanamwomba kwa adabu. Katika matamshi hali ni ngumu zaidi. Kifaransa hakitamki herufi h, wala hakina sauti mbili ambazo Kiingereza huziandika th.

Sauti hizo zote tatu zimo katika Kiswahili sanifu. Atamkaye vema «habari» ana mwanzo wa «house». Atamkaye «thelathini» ana «think», na atamkaye «dhahabu» ana «this». Kwa bahati mbaya Kiswahili cha mitaani Kongo kimezipoteza kwa sehemu kubwa: husemwa «apa» badala ya hapa, «zambi» badala ya dhambi, na thelathini haisikiki kabisa kwa kuwa watu huhesabu kwa Kifaransa. Aliyefundishwa Kiswahili sanifu kwa makini, na darasa kama hilo kwetu huonekana halina faida, amekwisha kufanya nusu ya kazi ambayo mwenziwe ataifanya kwa jasho huko Kampala.

Hali ni hiyo hiyo katika maneno ya kukopa. Mkongomani husema shemizi, jipe, kreyo, shofere, lopitali. Kiswahili sanifu husema shati, sketi, penseli, dereva, hospitali, na yote matano yametoka Kiingereza. Hata pikipiki iitwayo boda boda imebeba jina la Kiingereza la mpaka, kwa sababu ilianzia Busia, ambako baiskeli zilivusha watu kati ya Kenya na Uganda.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba Kiswahili hakina mitego. Mswahili «ana» miaka 20, na Mfaransa vile vile. Mwingereza «ni» wa miaka 20. Hapo lugha mbili za mwanafunzi hushirikiana kumpotosha, na kosa hilo hudumu kuliko mengine yote. Neno moja «yeye» humtosha mume na mke, kwa hiyo mama mzazi hugeuzwa mwanamume katikati ya sentensi. Irabu tano za Kiswahili nazo hazimsaidii kutofautisha «ship» na «sheep», merikebu na kondoo. Dawa ya hayo ni mazoezi ya kila siku pamoja na watu wasiojua Kifaransa wala Kiswahili.

Na watu hao wapo, akikubali kutoka Katwe. Kiingereza chao kina msingi ambao Mkongomani huutambua upesi. Ukijikwaa njiani, mpita njia asiyekugusa hukuambia «sorry». Anayezoea Kiingereza cha vitabu hustaajabu, maana mtu huyo hakukosa lo lote. Mkongomani hastaajabu: amesikia pole. Ukifua nguo uani, jirani hukusalimu «well done», ingawa nguo hazijatakata bado. Ni salamu ya Kiganda, «gyebaleko», iliyovaa mavazi mengine, na kwao Kongo angeambiwa pole na kazi. Mwanafunzi hujibu kwa sauti ndogo, huku mikono ingali katika povu, na jirani huketi ukingoni mwa ngazi kumwuliza ametoka wapi.