Mwanangu Hakutaka Kuwa Daktari wa Watu

Kwa miaka ishirini na mitatu nimefanya kazi ya utabibu katika vituo vya afya vya vijijini, na kwa muda mrefu nilikuwa na ndoto moja ambayo sikumweleza mtu. Nilitaka binti yangu wa kwanza avae koti jeupe kama langu, ila kwa cheo kilichonipita. Mimi ni tabibu wa ngazi ya stashahada. Yeye angekuwa daktari kamili. Alipochaguliwa kuingia kidato cha tano katika tahasusi ya Fizikia, Kemia na Biolojia, niliona kwamba safari imekwisha kupangwa. Yeye mwenyewe sikumuuliza.

Katika likizo zake alipenda kufuatana na afisa mifugo wa kata yetu. Walikwenda pamoja minadani, kwenye majosho, na katika maboma ya wafugaji siku za chanjo. Jioni moja, tukiwa bado mezani, alisema: “Baba, nataka kusomea tiba ya wanyama.” Nilicheka. Nikamwambia: “Yaani ada yote hii, ukawe daktari wa ng’ombe?” Hakujibu. Alikusanya sahani akazipeleka jikoni.

Naandika makala hii kwa sababu najua si mimi peke yangu niliyewahi kucheka hivyo. Wapo wazazi wengi, na wengi kati yetu ni watumishi wa afya, wanaoamini kwamba anayechagua kutibu wanyama ni yule aliyeshindwa kupata nafasi ya kutibu watu.

Nilichopaswa kukijua mapema

Mimi hasa ndiye niliyepaswa kuelewa. Mwishoni mwa mwaka 2006 na katika nusu ya kwanza ya 2007, homa ya Bonde la Ufa ilienea Kenya, Somalia na Tanzania. Kawaida ya ugonjwa huo ni kwamba kabla ya watu wengi kuugua, kondoo, mbuzi na ng’ombe hutupa mimba kwa wingi, na ndama na wana-kondoo hufa. Anayesimama zizini huona dalili wiki kadhaa kabla ya sisi tunaosubiri wodini.

Wataalamu wanakadiria kwamba zaidi ya nusu ya magonjwa ya kuambukiza yanayojulikana kwa binadamu yana asili ya wanyama. Kichaa cha mbwa, kimeta na brusela si majina mageni kwa mtumishi yeyote wa zahanati iliyo karibu na wafugaji. Ni mara ngapi tumempa mgonjwa dawa ya malaria mara ya pili na ya tatu kwa homa isiyokoma na maumivu ya viungo, bila kumuuliza kama anakunywa maziwa mabichi?

Aidha, ushindi mkubwa wa taaluma hii haukuwa mdogo kuliko wetu. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka, tauni iliyomaliza ng’ombe na kuleta njaa katika Afrika ya Mashariki mwishoni mwa karne ya 19, imetokomezwa duniani. Hadi wakati huo ugonjwa mwingine pekee uliokuwa umetokomezwa ni ndui. Sehemu ya kazi iliyowezesha ushindi huo ilifanyika Muguga, nchini Kenya, ambako Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo ya kutegemewa.

Fomu niliyoijaza mwenyewe

Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, binti yangu alikuwa amefaulu vizuri. Nchini Tanzania mwombaji hutuma maombi moja kwa moja katika kila chuo anachokitaka, na udahili hufanyika kwa awamu chini ya usimamizi wa Tume ya Vyuo Vikuu. Kwa kuwa mtandao wa kijijini kwetu ni dhaifu, alinipa karatasi yenye orodha ya chaguo zake niende nayo mjini. Juu kabisa alikuwa ameandika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, shahada ya tiba ya wanyama, ambayo husomwa kwa miaka mitano.

Nilikaa mbele ya kompyuta katika duka la vifaa vya ofisini, karatasi ile ikiwa mfukoni, nikaomba udaktari wa binadamu katika vyuo vitatu. Morogoro sikuomba kabisa. Nilijiambia kwamba siku moja atanishukuru.

Majina ya awamu ya kwanza yalitoka. Alama zake zilikuwa nzuri, lakini waliokuwa na alama zaidi yake walikuwa wengi, na hakuna chuo kati ya vile vitatu kilichomchukua. Alipoomba kuona risiti za malipo ya maombi, ndipo alipogundua nilichokifanya. Hakupiga kelele. Alisema: “Kumbe hata kukataliwa sikukataliwa mimi, baba. Umekataliwa wewe.”

Siku za ukimya

Baada ya hapo alianza kulala mchana na kukesha usiku. Chakula alikigusa tu. Simu za marafiki zake waliokwisha kupata vyuo hakuzipokea. Nyumbani tulisema ana hasira na itapita. Mtu wa kunizindua alikuwa muuguzi mwenzangu aliyesomea afya ya akili. Nilipomweleza, aliniuliza: “Ndugu yangu, angekuwa mgonjwa wako, ungemuuliza nini?”

Nilijua jibu. Ningemuuliza kuhusu usingizi, hamu ya kula na kukata tamaa. Na ningemuuliza wazi kama amewahi kufikiri kuhusu kufa. Wengi wetu huogopa swali hilo, tukidhani litampa mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Sivyo. Kuuliza kwa upole na kwa uwazi hakumsukumi mtu kujidhuru. Mara nyingi humpa nafasi ya kusema alichokibeba peke yake.

Nilimuuliza. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema: “Sitaki kufa, baba. Natamani tu nilale, niamke haya yakiwa yamekwisha.” Kauli ya namna hiyo si ya kupuuzwa. Kesho yake mama yake alimsindikiza kwa yule muuguzi, akaendelea kumwona kwa wiki kadhaa. Nami nilimwomba radhi, tena mbele ya wadogo zake, kwa kuwa maneno yangu ya mezani waliyasikia wote.

Awamu ya pili

Dirisha la pili la maombi lilipofunguliwa tulikwenda mjini pamoja. Safari hii yeye ndiye aliyekaa mbele ya kompyuta. Mimi nilikaa kwenye benchi nikiwa na bahasha ya vyeti. Nilishangaa kuona kazi ya mzazi ilivyokuwa nyingi hata baada ya kuacha ile isiyo yangu.

Kazi ya kwanza ilikuwa vyeti. Jina lake la kati lilitofautiana kwa herufi moja kati ya cheti cha kuzaliwa na cheti cha kidato cha nne. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hutaka cheti cha kuzaliwa kiwe kimehakikiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, hivyo herufi moja ilitugharimu safari mbili na hati ya kiapo. Kisha zikaja saini: ya mdhamini, ya serikali ya kijiji, na ya wakili. Baada ya hapo ilikuwa hesabu. Mkopo uliopatikana haukufunika gharama zote. Tuliuza mitamba miwili. Mama yake alisema mitamba hiyo imekwenda kusomea ndugu zake, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi tulimsikia binti yetu akicheka.

Alichaguliwa Morogoro. Ulipokuja ujumbe wa kumtaka athibitishe nafasi yake, alinipa simu nibonyeze mimi. Nilimrudishia.

Kwa mzazi mwenzangu

Haya ndiyo niliyojifunza, na nayatoa kwa yeyote ambaye mwanawe anajiandaa kwa maombi.

Kwanza, anza na vyeti mapema, hata mwaka mmoja kabla ya matokeo. Linganisha majina herufi kwa herufi. Kasoro ambayo leo ni safari moja, siku za mwisho za dirisha huweza kumnyima mtoto mkopo.

Pili, someni pamoja mwongozo wa udahili wa mwaka husika. Sifa za kuingilia hubadilika, na ushauri wa jirani aliyesoma zamani hautoshi. Kwa tiba ya wanyama, Biolojia na Kemia ndizo nguzo. Mtoto asiyezipenda asisukumwe huko kwa sababu tu nyumbani kuna mifugo.

Tatu, zungumzeni juu ya njia ya pili kabla ya matokeo, si baada yake. Zipo kampasi za Wakala wa Mafunzo ya Mifugo, kama Tengeru na Mpwapwa, zinazotoa astashahada na stashahada. Anayepitia huko hufanya kazi yenye heshima, na akifaulu vizuri anaweza kuomba shahada baadaye. Mtoto anayejua kwamba kuna mlango mwingine hulala usingizi.

Nne, mpeni nafasi ya kuiona kazi yenyewe. Siku moja josholoni, au usiku mmoja wa kumzalisha ng’ombe kwenye matope, humfundisha mengi kuliko picha za watoto wa mbwa. Akirudi bado anataka, mwamini.

Tano, tazama afya yake. Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi amepoteza usingizi, hali, anajitenga au anasema maisha hayana maana, usingoje awamu inayofuata. Mpeleke kituo cha afya. Akisema anataka kufa au kujidhuru, usimwache peke yake, ondoa viuatilifu na dawa mahali anapoweza kuzifikia, na mtafutie msaada siku hiyohiyo.

Na kwa mtumishi wa afya

Sasa yuko mwaka wa tatu. Mwezi mmoja uliopita alinipigia simu usiku. “Shikamoo baba.” “Marahaba, mama.” Nilimweleza juu ya mtoto wa miaka saba tuliyempokea siku ile akiwa ameumwa na mbwa mguuni. Nilijieleza kwa fahari kidogo: tulimwosha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika kumi na tano, na chanjo ya kwanza alipata bila kuchelewa, kwa sababu kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili karibu hakuna anayepona.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: “Na mbwa yuko wapi?”

Sikujua. Katika miaka yote ya kazi nilikuwa nimeandika kidonda, kipimo cha dawa na tarehe ya kurudi, lakini mbwa sikumwandika. Akanieleza kwamba karibu watu wote wanaokufa kwa ugonjwa huu huupata kwa mbwa, na kwamba mbwa saba kati ya kila kumi wakichanjwa, maambukizi hukatika. “Wewe unamtibu mmoja, baba. Waliobaki kijijini?”

Asubuhi nilimpigia afisa mifugo wa kata, yuleyule aliyekuwa akifuatana na binti yangu wakati wa likizo. Mbwa alikuwa hajafungwa, na tayari alikuwa amewauma watoto wengine wawili ambao wazazi wao walikuwa wamewapaka majani na kuwarudisha shuleni. Tuliwapata wote wawili siku hiyo, tukawaanzishia chanjo.

Tangu hapo, katika daftari letu la wagonjwa tumeongeza safu moja kwa mkono, na namba ya simu ya afisa mifugo imebandikwa ukutani, juu ya sinki la kuoshea majeraha.