Ruzuku hujenga duka, mpaka ndio hulijaza

Na Mwandishi Wetu, Rubavu

MTAJI ni neno linalotamkwa kila siku katika mji wa Gisenyi, iwe kwa Kinyarwanda, kwa Kifaransa au kwa Kiswahili cha Goma. Aliyerudi kutoka ukimbizini anautafuta. Mama anayevuka mpaka na beseni la karoti kichwani anautafuta. Mlemavu anayepitisha magunia kwa baiskeli ya magurudumu matatu naye anautafuta. Wote watatu wana ndoto moja: kuacha kutembeza bidhaa na kufungua duka lenye mlango na kufuli.

Kila nipitapo Grande Barrière kwa kazi hii ya uandishi, swali ninaloulizwa kuliko yote ni wapi zinakopatikana fedha za msaada za kufungulia duka. Makala haya yanajaribu kulijibu. Lakini yanauliza pia swali la pili, ambalo watoaji na wapokeaji wa fedha hizo hulisahau: duka likishafunguliwa, litaishije siku mpaka utakapofungwa?

Vizuizi viwili, wateja wawili

Kwa asiyeujua mji huu, mpaka wa Gisenyi na Goma una vizuizi viwili vikubwa. Grande Barrière iko kando ya Ziwa Kivu, kwenye barabara ya Corniche, na hupitwa zaidi na magari na wasafiri. Petite Barrière iko ndani zaidi, mbali na ziwa, na ndiyo njia ya waendao kwa miguu: akina mama wa nyanya, vitunguu, maharage na maziwa, ambao ndio wengi katika biashara ndogo ya mpaka huu.

Mji huu si mgeni wa mambo ya ujirani. Ni hapa Gisenyi, mwaka 1976, ambapo Rwanda, Burundi na Zaire ya wakati huo zilitia saini mkataba wa Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, CEPGL.

Anayetaka kufungua duka, basi, aanze kwa kujiuliza mteja wake ni nani. Karibu na Grande Barrière mteja ni msafiri mwenye haraka, anayetaka maji, vocha na vitafunio. Karibu na Petite Barrière mteja ni mchuuzi mwenzako anayenunua kwa jumla ndogo ndogo, alfajiri, kisha anavuka. Duka la aina moja haliwezi kuwahudumia wote wawili.

Milango ya fedha

Rwanda haigawi misaada kwa misingi ya kabila. Kinachoangaliwa ni hali ya mtu: mwanamke, kijana, mlemavu, aliyerudi kutoka ukimbizini, au aliyeweka silaha chini.

Wanaorudi hupokelewa na serikali pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR. Mei 17, 2025, kundi la Wanyarwanda wapatao 360, wengi wao wanawake na watoto, lilivuka hapa hapa Grande Barrière likitokea Goma, na kupelekwa katika kituo cha Kijote, wilayani Nyabihu. Warudio hupewa chakula na kiasi cha fedha taslimu za kuanzia maisha. Wapiganaji wa zamani wao hupitia kambi ya Mutobo, chini ya tume iliyoundwa mwaka 1997, nao husaidiwa kujitegemea.

Kwa mwanamke na kijana, mlango mkubwa ni mfuko wa BDF, ulioanzishwa mwaka 2011. Wengi hudhani BDF hugawa fedha mkononi. Kazi yake kubwa ni kumdhamini asiye na shamba wala nyumba ya kuweka rehani: humdhamini mwanamke au kijana hadi asilimia 75 ya mkopo, na wengine asilimia 50. Mkopo wenyewe hutoka benki au SACCO, na kila tarafa nchini, zote 416, ina SACCO yake.

Majirani nao hawako mbali na mfumo huo. Tanzania hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa walemavu, bila riba. Kenya ilianzisha mfuko wa wanawake mwaka 2007. Msomaji aangalie vizuri hapo: sehemu kubwa ya fedha hizi ni mikopo. Ruzuku tupu, isiyorudishwa, ni chache na mara nyingi huwa ndogo.

Siku mpaka unapofungwa

Machi 2020, kwa sababu ya Korona, mipaka ilifungwa na biashara ya miguu ikasimama. Baadaye mizigo iliporuhusiwa, waliopata nafuu ni waliokuwa katika vikundi, kwa kuwa bidhaa zilikusanywa na kuvushwa kwa pamoja. Juni 2022, baada ya askari wa Kongo kuuawa Petite Barrière, upande wa Kongo ulianza kufunga mpaka saa tisa alasiri. Januari 2025, Goma ilipotekwa na M23, mabomu yalianguka hadi Rubavu na watu wakapoteza maisha. Benki za Goma zikafungwa, wakazi wake wakawa wanavuka kuja Gisenyi kutafuta fedha zao.

Katika kila tukio, nyanya ziliozea dukani na kodi ya chumba haikusubiri. Aliyekuwa ametumia fedha zote kwa rafu, rangi na kibao cha mlangoni alifunga. Aliyekuwa amebakiza kidogo alivuka salama.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Kwanza, uliyerudi, shughulikia kitambulisho cha taifa kabla ya jambo lolote, maana bila hicho hakuna akaunti wala mkopo. Pili, fungua akaunti SACCO na uweke, hata kidogo, kabla hujaomba. Tatu, ingia kwenye ushirika. Nne, ukipata tuseme faranga 500,000, usiziingize zote dukani: toa fungu la bidhaa, fungu la kodi, na fungu la miezi miwili ya mpaka kufungwa. Tano, weka rafuni bidhaa ambazo mtu wa mtaani atanunua hata mvukaji asipokuja: chumvi, sabuni, unga.

Na kwa wanaotoa fedha, neno ni moja. Msihesabu maduka mliyoyafungua siku ya kukata utepe. Rudini baada ya mwaka mhesabu yaliyo wazi, na katika kila ruzuku wekeni fungu lisiloguswa hadi siku ya dharura. Karoti huoza, nyanya huoza. Wahenga walikwisha kutuambia kisichooza: akiba.