Nidhamu Isimnyime Elimu Mtoto Mlemavu

Wahenga walinena: samaki mkunje angali mbichi. Askari hahitaji kufafanuliwa usemi huu, kwani yeye mwenyewe alikunjwa katika uwanja wa gwaride. Lakini mkunjaji mwema humjua kwanza samaki wake.

Tuchukue mfano wa mtoto kiziwi katika shule ya mtaa wa Nyamityobora, mjini Mbarara. Kengele imelia na wenzake wamekimbilia mstarini. Yeye amebaki akichezea mchanga. Mwalimu mgeni aona ukaidi. Mtoto achapwa, kisha aambiwa asirudi bila mzazi. Baba yake ni askari, naye yumo lindoni mbali na nyumbani. Siku zawa wiki, wiki zawa muhula. Hapo shule haikumrudi mtoto, bali imempoteza. Nasi twajua kwamba amri isiyosikika haikuvunjwa.

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyoanzishwa mwaka 1958 katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Isingiro, mzigo huo huweza kuwa maradufu. Mtoto mzito wa kuelewa, aliyekuja kutoka Kongo na Kiswahili chake, aweza kuamrishwa kwa lugha asiyoijua, kisha akaadhibiwa kwa kutotii.

Sheria zetu haziko kimya. Katiba ya mwaka 1995 yamkinga kila mtu na adhabu ya kikatili. Mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulipoanza mwaka 1997, watoto wenye ulemavu walipewa kipaumbele. Marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016 yalipiga marufuku viboko shuleni, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2020 yakataza ubaguzi katika elimu.

Wengine wamekwenda mbele zaidi. Nchini Marekani, shule ikitaka kumwondoa mwanafunzi mlemavu darasani kwa zaidi ya siku 10 za masomo, walimu na wazazi hukaa pamoja wakauliza: je, kosa hili limetokana na ulemavu wake? Likiwa limetokana nao, kwa kawaida hurejeshwa darasani. Lisipotokana nao, aweza kuadhibiwa kama wenziwe, lakini masomo yake hayakatizwi.

Hatusemi kwamba mtoto mlemavu asionywe. Akiiba kalamu, airudishe, aombe radhi, na baada ya masomo apewe kazi anayoiweza. Kumdekeza pia ni kumdharau. Lakini kabla ya adhabu, mwalimu ajiulize mambo matatu: Je, amri ilimfikia? Je, aliielewa? Je, alikuwa na uwezo wa kuitimiza?

Ndugu askari, mwenye mtoto wa namna hii asingoje mashtaka. Kabla hujahamishwa kikosi, mweleze mwalimu mkuu hali ya mwanao, na umtaje jamaa atakayeitwa ukiwa safarini. Nawe ndugu polisi, mtoto aliyefukuzwa akiletwa kituoni kama mzururaji, uliza kwanza ametoka shule gani na kwa nini, kisha umpeleke kwa wenzako wa kitengo cha ulinzi wa mtoto na familia.

Jeshi letu halimtupi askari aliyepoteza mguu vitani. Kituo cha Mubende chamtunza na kumfunza kazi mpya. Basi shule nayo isimtupe mtoto ambaye hata vita hajaviona.