"Sista, Ni Kweli Matone Yanatoka kwa Tumbili?"

Mwezi Machi 2022 tulizunguka nyumba kwa nyumba hapa Tunduma, makasha ya baridi yakiwa mabegani. Mwezi uliotangulia, Malawi ilikuwa imetangaza kwamba mtoto mmoja wa Lilongwe amepooza kwa polio. Kwa hiyo Songwe, Mbeya, Njombe na Ruvuma ikawa mikoa ya kwanza kuchanja watoto wote wa chini ya miaka mitano.

Katika nyumba moja mama alitupokea akiwa na mtoto mgongoni. Kabla sijafungua kichupa aliniuliza, "Sista, ni kweli hayo matone yanatoka kwa tumbili?" Mama mkwe wake alisimama nyuma yake, akisubiri jibu. Nikajibu kwa haraka, "Hapana, mama, huo ni uzushi." Mtoto akapewa matone, nikampaka wino kidoleni, nikaenda zangu.

Ndugu msomaji, jibu langu halikuwa la kweli. Baadaye nilipokaa na kusoma, niliona aibu. Yule mama alikuwa ameuliza jambo la maana.

Ilianzaje?

Mwaka 1908, mjini Vienna, madaktari Karl Landsteiner na Erwin Popper walichukua sehemu ya uti wa mgongo wa mtoto aliyekufa kwa polio, wakaitumia kumdunga nyani mmoja na kima mmoja. Wote wawili waliugua. Sungura na panya waliodungwa vilevile hawakuugua. Ndipo ikafahamika kwamba polio huletwa na kirusi, na kwamba nyani na kima, kwa kuwa miili yao inafanana na yetu, wanaweza kuuonyesha ugonjwa huo.

Chanjo ya sindano ya Jonas Salk ilitangazwa tarehe 12 Aprili 1955, na baadaye yakaja matone ya Albert Sabin. Virusi vya chanjo hizo vilikuzwa katika chembe za figo za kima. Maelfu kwa maelfu ya wanyama hao walikufa kwa ajili ya kazi hiyo.

Je, palitokea kasoro? Ndiyo. Mwaka 1960 kiligunduliwa kirusi cha kima, kiitwacho SV40, ndani ya baadhi ya chanjo za mwanzo. Watengenezaji wakatakiwa kuipima kila chanjo ili isiwe na kirusi hicho. Waliochanjwa walifuatiliwa kwa miaka mingi, na haikuonekana kwamba waliugua saratani kuliko watu wengine.

Siku hizi je?

Mwaka 1962, huko Japani, wataalamu walichukua chembe za figo ya tumbili wa Afrika, jamii moja na hawa wanaotuibia mahindi shambani. Chembe hizo zinaitwa Vero. Zimeendelea kuzaana maabara hadi leo, na chanjo nyingi za polio hukuzwa humo bila kuua tumbili mwingine kila mara. Kirusi cha matone hudhoofishwa, kisha huchujwa. Mtoto hapewi damu wala nyama ya tumbili.

Najua baadhi yenu mtawahurumia wanyama wale. Mimi pia nawahurumia, maana nao ni viumbe vya Mungu. Ni vema kwamba leo kazi kubwa hufanywa kwa chembe. Lakini nimewaona pia watu wazima wanaotambaa kwa mikono kwa sababu waliugua polio utotoni. Tanzania ilipata mgonjwa wake wa mwisho wa polio ya asili mwaka 1996, na haikuwa kwa bahati tu.

Katika raundi iliyofuata nilirudi kwenye nyumba ile. Nikamwomba yule mama radhi, nikamweleza yote haya. Alinyamaza kidogo. Mama mkwe ndiye aliyesema, "Kumbe tumbili anatulipa mahindi yetu!" Tukacheka wote, na mtoto akafunguliwa mdomo.

Akina mama wenzangu, matone hutolewa mtoto anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, pamoja na sindano katika wiki hiyo ya 14. Itazame kadi ya mwanao leo. Kama una swali, muulize muuguzi wako bila woga. Nasi wauguzi tusione haya kusema, "Subiri, mama, nikaulize kwanza."