Madonge ya Siagi Ndani ya Picha

Sogeeni, wajukuu zangu. Nani kati yenu amewahi kusukasuka maziwa kwenye kisabo? Mwanzoni unasikia majimaji tu yakichapa kibuyu. Mkono unachoka, unambadilishia mwenzako. Mara sauti inakuwa nzito, na ukifungua unaikuta siagi imejikusanya kuwa madonge yanayoelea. Mkumbuke kisabo hicho, maana hadithi yangu itarudi pale pale.

Tuseme kuna binti wa hapa Ngara, ana miaka 19. Tumbo limemvimba upande mmoja, na kuna maumivu yanayokuja na kuondoka. Majirani wana majibu mawili tu: amerogwa, au ana mimba anaificha. Neno hilo la pili linaumiza kuliko tumbo lenyewe. Mama yake anamshika mkono wanapanda hospitali, Murgwanza au Nyamiaga, akapigwe altrasaundi.

Altrasaundi ni sauti. Sikio la mtu linakomea kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde. Mashine ya altrasaundi hutuma mamilioni, kisha husikiliza mwangwi kama popo afanyavyo usiku. Maji matupu hayarudishi mwangwi, kwa hiyo huonekana meusi. Mafuta mazito yaliyochanganyika na nywele huurudisha kwa nguvu, yakang'aa meupe, na nyuma yake kunabaki kivuli.

Ndiyo, nimesema nywele. Msiogope.

Msichana huzaliwa na mayai yake yote tayari, kati ya milioni moja na mbili, ndani ya ovari mbili. Kila yai limebeba maelekezo ya kujenga mwili mzima: ngozi, mfupa, jino, nywele. Mara chache yai moja huanza kujenga peke yake, bila mbegu ya baba na bila mpango. Linatengeneza ngozi, ngozi inatoa mafuta, nywele zinaota, pengine na meno. Si mtoto, wala haliwezi kuwa mtoto. Hakuna aliyelitia mle. Mwaka 1863 daktari Mjerumani Rudolf Virchow alitumia jina teratoma, kutoka neno la Kigiriki la zimwi, na mimi jina hilo silipendi, kwa sababu uvimbe huu kwa kawaida si saratani. Huwapata zaidi wasichana na wanawake vijana, na hukua polepole mno, milimita chache kwa mwaka.

Sasa turudi kwenye picha. Mara nyingi mtaalamu huona donge jeupe pembeni, na mafuta yakielea juu ya maji. Lakini uvimbe huu unajua kujificha. Wakati mwingine ule weupe hufanana kabisa na hewa ya utumbo, na jicho linapita. Wakati mwingine unaonekana upande wa mbele tu, kivuli kinameza uliobaki, kama kiboko wa Ziwa Burigi anayetoa macho na masikio. Nani atapima kiboko kwa masikio yake?

Na kuna sura adimu kuliko zote: mipira midogo ya mviringo, mingi, inaelea ndani ya kifuko. Binti akigeuka ubavu, nayo inahama. Aliyeiona mara ya kwanza anaweza kudhani ni minyoo au ugonjwa wa ajabu. Lakini nyie mmeshika kisabo! Wataalamu wengi hueleza hivyo hivyo: mafuta yanajikusanya kuzunguka punje ndogondogo huku mwili ukitembea, ukiinama shambani, ukicheza ngoma.

Daktari akibaki na shaka, binti hupelekwa penye siti skani, kwa mfano Bugando, Mwanza. Mmoja wa waliotafuta hesabu za mashine hiyo ni Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1979 pamoja na Mwingereza Godfrey Hounsfield. Kwenye kipimo chake maji ni sifuri, na mafuta hushuka chini ya sifuri, karibu na hasi 100. Namba hiyo ikionekana ndani ya kifuko, fumbo limefika mwisho.

Jambo moja nalisema kwa sauti: ovari yenye uvimbe inaweza kujisokota kama kamba, ikakosa damu. Maumivu makali ya ghafla pamoja na kutapika hayasubiri mpaka kesho, wala hayasubiri mganga.

Mara nyingi daktari wa upasuaji huweza kuutoa uvimbe na kuiacha ovari mahali pake. Ndani ya mwili, kwa joto la damu, mafuta yale yalikuwa laini na ya majimaji. Yakiwekwa mezani yanaanza kuganda, ya manjano, kama samli asubuhi ya baridi hapa kwetu, na katikati yake kuna shungi la nywele ambazo hazijawahi kuona jua.