Taa ya joto ikiwaka: Anza na mfuniko wa rejeta kabla ya kufungua injini

Na Mwandishi Wetu

MKULIMA anayepakia matenga ya nyanya kwenye pikapu alfajiri ana saa chache tu za kuufikisha mzigo sokoni. Gari likichemsha njiani na jua likapanda, nyanya zilizoiva huanza kulainika, mnunuzi hushusha bei au huenda kwa mwingine, na faida ya msimu huishia mikononi mwa fundi.

Hasara ya nyanya ni ya siku moja. Iliyo kubwa zaidi ni ya injini. Gari likiendeshwa huku linachemsha, silinda hedi hupinda na gasketi yake huungua. Kazi hiyo ni ya kufungua injini nzima ya juu, na gharama yake haina ulinganisho na bei ya mfuniko wa rejeta, mpira wa maji au fyuzi ya feni, ambavyo mara nyingi ndivyo vilivyoanzisha tatizo.

Makala haya yanaeleza jinsi mwenye gari anavyoweza kutambua chanzo cha gari kuchemsha, kwa vipimo ambavyo vingi havihitaji mashine, kabla hajakubali injini ifunguliwe.

Mfumo unavyofanya kazi

Pampu ya maji huyasukuma maji yazunguke silinda na hedi, yachukue joto na kulipeleka kwenye rejeta. Hapo hupozwa na upepo wa mwendo pamoja na feni, kisha hurudi kwenye injini.

Katikati ya safari hiyo kuna thamostati, ambayo ni kama mlango. Injini ikiwa baridi hufunga ili ipate joto upesi. Kwa magari mengi huanza kufunguka maji yanapofika kati ya nyuzi 82 na 88 za Sentigredi.

Wengi wanasahau sehemu ya mwisho, nayo ni presha. Maji ya rejeta hayakuwekwa wazi kama maji ya sufuria. Yamefungwa kwa mfuniko wenye springi, ambao huzuia presha isitoke mpaka ifike kiwango kilichoandikwa juu yake. Mifuniko mingi ya magari ya Japani imeandikwa 0.9 au 1.1, yaani bar 0.9 au bar 1.1.

Presha hiyo ina kazi kubwa. Dar es Salaam, iliyo usawa wa bahari, maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 100. Yakiwa chini ya mfuniko mzima wa bar 0.9, hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 119.

Kwa wakulima wa nyanda za juu jambo hili ni zito zaidi. Mama lishe wa Njombe anajua kwamba maharage ya huko huchelewa kuiva. Sababu ni kwamba mji uko juu sana, na maji ya wazi huchemka kwenye takriban nyuzi 93. Injini hufanya kazi kati ya nyuzi 85 na 100 hivi. Kwa hiyo gari lenye mfuniko mbovu linaweza kutembea Dar es Salaam bila kelele, lakini likipandishwa Njombe na mifuko ya mbolea likachemsha kila safari, ingawa injini ni nzima.

Taa na mshale vinasema nini

Alama ya joto kwenye dashibodi ni kipimajoto kilichosimama kwenye mawimbi ya maji. Magari mengi madogo ya miaka ya karibuni hayana mshale wa joto bali yana taa tu. Ikiwaka ya bluu asubuhi usiogope, kwani maana yake ni kwamba injini bado baridi, nayo huzimika baada ya muda. Ikiwaka nyekundu, au ikianza kumweka nyekundu, simama.

Kwa gari lenye mshale, jambo la kwanza ni kuujua mahali pake pa kawaida. Mshale uliozoea kukaa katikati ukipanda hata kidogo na usirudi, umekwisha kukuonya. Usisubiri ufike kwenye alama nyekundu.

Kuna hatari moja ambayo imeua injini nyingi. Kifaa kinachopima joto hupima maji. Maji yakiisha yote, kifaa hubaki hewani na mshale unaweza kushuka kama vile gari limepoa, kumbe chuma kinaungua. Mshale ukipanda kisha ukashuka ghafla huku gari likipungua nguvu, zima injini mara moja.

Angalia pia taa zinazowaka pamoja. Taa ya joto ikiwaka sambamba na taa ya betri, kagua kwanza feni belti. Kwa magari mengi belti hiyo huzungusha pampu ya maji na alteneta kwa pamoja, hivyo ikikatika vyote viwili husimama. Magari mengine pampu yake huzungushwa na taimingi belti, kwa hiyo muulize fundi wako gari lako ni la aina ipi.

Usichanganye alama hizi na ile ya kopo la oili linalodondosha tone. Hiyo ni presha ya oili, ni tatizo jingine, nalo halisubiri hata dakika moja.

Taa ikiwaka ukiwa njiani

Zima kiyoyozi, fungua hita ya ndani mpaka mwisho ili ichukue sehemu ya joto, kisha egesha mahali salama na uzime injini. Weka vizuizi kwenye magurudumu kama uko mlimani.

Usiguse mfuniko wa rejeta. Maji yaliyo ndani yanaweza kuwa yamepita nyuzi 100 na hayajachemka kwa sababu tu yamefungwa. Ukifungua, presha hutoka, maji hugeuka mvuke papo hapo na kukurukia usoni na mikononi. Subiri nusu saa au zaidi, bonyeza mpira wa juu wa rejeta kwa kitambaa, na kama bado ni mgumu endelea kusubiri. Ukilainika, funika mfuniko kwa kitambaa kinene, uzungushe hadi kituo cha kwanza, acha presha iishe, ndipo uufungue.

Usimwagie injini maji ya baridi juu ili ipoe haraka. Hedi ya aluminiamu iliyochemka ikipata maji baridi ghafla inaweza kupasuka. Hata maji ya kuongeza ndani yatiwe injini ikiwa imepoa, kidogo kidogo.

Linachemsha wakati gani?

Swali hili linaokoa fedha nyingi, kwa hiyo mpe fundi jibu lake kabla hajashika spana.

Likichemsha kwenye foleni au limesimama, lakini likapoa likikimbia, shuku feni. Kwa feni ya umeme, washa kiyoyozi. Kwa magari mengi feni inatakiwa kuzunguka. Isipozunguka, kagua fyuzi, relei, waya, kisha mota yenyewe. Pikapu na malori mengi hutumia feni inayozungushwa na injini, na kilemba chake cha kati kikichoka feni huzunguka kivivu.

Likichemsha mlimani au likiwa na mzigo, kwa mfano unapopanda Kitonga au unapotoka Mombo kwenda Lushoto, shuku rejeta iliyoziba. Inaweza kuziba ndani kwa kutu na chumvi, au nje kwa matope, wadudu na makapi ya mashambani. Shuku pia pampu ya maji na mfuniko wa rejeta.

Likichemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa, shuku upungufu wa maji, thamostati iliyogoma kufunguka, hewa iliyonaswa ndani ya mfumo, au gasketi. Kwa thamostati kuna dalili rahisi: mpira mmoja wa rejeta unaunguza na mwingine ni baridi kabisa, ingawa injini imeshika moto.

Presha ikipungua

Mfumo unaovuja haushiki presha, na maji yake huchemka mapema. Anza na mfuniko, injini ikiwa baridi. Tazama mpira wake wa chini. Ukiwa umepasuka, umekakamaa au umelika pembeni, badilisha mfuniko. Nunua wenye namba ileile ya presha. Mfuniko wa presha kubwa zaidi hauponyi injini, unapasua mipira na rejeta.

Mfuniko una pia mlango mdogo wa kurudisha maji kutoka kwenye tangi la akiba injini inapopoa. Ukigoma, asubuhi utaikuta mipira ya rejeta imebonyea kama chupa iliyonyonywa hewa, na tangi limejaa wakati rejeta imepungua.

Kisha tafuta uvujaji. Maji yaliyokauka huacha alama nyeupe, ya kijani au ya rangi ya kutu kwenye maungio, chini ya pampu na kingoni mwa rejeta. Kapeti ya mbele ikiwa imelowa maji matamumatamu ya kunata, rejeta ndogo ya hita ndiyo inayovuja.

Gereji nzuri ina pampu ya mkono yenye geji, inayofungwa mahali pa mfuniko. Fundi hupampu hadi namba iliyoandikwa kwenye mfuniko, si zaidi, na kusubiri kama dakika 10. Mshale ukibaki palepale mfumo ni mzima. Ukishuka, kuna uvujaji. Ukishuka na nje hakuna hata tone, maji yanakwenda ndani ya injini. Kipimo hiki hakifungui boliti hata moja, hivyo kidai kabla ya kukubali injini ishushwe.

Presha ikizidi

Hapa ndipo gasketi ya silinda hedi inapojitambulisha. Ikiungua, moshi wa mlipuko huingia kwenye njia za maji na kuyasukuma nje.

Asubuhi gari likiwa baridi, bonyeza mpira wa juu wa rejeta, kisha washa injini. Ukikakamaa ndani ya dakika moja au mbili, kabla maji hayajapata joto, presha hiyo haikutokana na joto bali na silinda. Njia nyingine ni kuwasha injini baridi mfuniko ukiwa wazi na kutazama. Mapovu machache mwanzoni yanaweza kuwa hewa iliyonaswa. Yakiendelea bila kukoma, ni dalili mbaya. Funga mfuniko kabla injini haijashika moto.

Dalili nyingine ni oili yenye rangi ya chai ya maziwa, moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata moto, na maji yanayopungua bila kuvuja popote. Mafundi wengine wana dawa ya bluu inayowekwa juu ya mdomo wa rejeta. Kwa injini ya petroli, ikigeuka njano imenusa moshi wa silinda.

Kuondoa thamostati si dawa

Ni desturi ya gereji nyingi za mitaani kuondoa thamostati na kuitupa gari linapochemsha. Injini hubaki ya ubaridi, hula mafuta zaidi na kulika mapema. Kwa injini zenye njia ya pili ya maji inayofungwa na thamostati, kuiondoa huyafanya maji yakate njia bila kupita kwenye rejeta, na gari likachemsha zaidi.

Kuipima ni kazi ya jikoni. Itumbukize kwenye sufuria ya maji, ichemshe na utazame. Isipofunguka hata maji yakichemka, nunua mpya. Ikifunguka na kufunga tena ikipoa, irudishe mahali pake.

Maji gani yatiwe

Maji ya kisima yenye chumvi huziba rejeta na kula aluminiamu. Kulanti ina dawa ya kuzuia kutu na huinua kiwango cha kuchemka. Magari mengi yaliyotumika huingia kutoka Japani yakiwa nayo, kisha humwagwa na kuwekwa maji ya bomba. Tumia aina iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, usichanganye aina tofauti, na kama umelazimika kutia maji njiani, yamwage ukifika.

Wafugaji wazingatie jambo moja. Kulanti nyingi ni tamu lakini ni sumu. Usiimwage uani ambako mbwa, mbuzi au ng'ombe wataramba.

Kabla ya msimu

Mara moja kwa wiki, injini ikiwa baridi, tazama kiwango cha maji kwenye tangi na kukiandika. Kikipungua wiki tatu mfululizo, usiendelee kuongeza tu, tafuta yanakokwenda. Osha rejeta kwa maji ya nguvu ndogo, kagua belti na mipira, na uwe na mfuniko wa akiba ndani ya gari pamoja na dumu la maji safi.

Kama unanunua gari kuukuu la biashara, lione likiwashwa likiwa baridi. Muuzaji akilileta limekwisha kushika moto, omba urudi kesho asubuhi. Mpira wa rejeta utakuambia mengi kuliko maneno yake.

Na taa nyekundu ikiwaka ukiwa na mzigo, huku soko likiwa umbali wa kilomita 15, kumbuka hesabu hii: ni nafuu kukodi gari la mwenzako limalize safari kuliko kulazimisha lako. Nyanya utalima tena msimu ujao, lakini utahitaji gari la kuzibeba.